Mtihani Hauulizi Ulifundishwa na Nani

“Hapa hatuna darasa hilo.” Ndilo jibu analopewa kijana aliyetoka Uvira, Bukavu au Bujumbura, aliyelelewa kwa Kiswahili na kusomeshwa kwa Kifaransa, anapomwuliza mshauri wa wanafunzi katika sekondari ya Marekani kama anaweza kufanya mtihani wa AP (Advanced Placement, wa kiwango cha chuo kikuu) wa Kifaransa. Ni jibu la adabu, na mara nyingi ni la kweli: shule haina darasa hilo. Lakini kijana hakuuliza habari za darasa. Aliuliza habari za mtihani. Kuvichanganya vitu hivi viwili kumewagharimu vijana wetu wa Louisville, Dallas, Des Moines na Portland kuliko wazazi wao wanavyojua.

Nabishana na dhana iliyo nyuma ya jibu hilo, kwa sababu haiko kwa washauri wa shule peke yao. Wazazi wanayo. Wachungaji wanayo. Vijana wenyewe wanayo, tena imewakaa sana. Dhana yenyewe inasema kwamba mtihani wa kiwango cha juu ni mali ya darasa lake. Kwamba ambaye hakukaa mwaka mzima mbele ya mwalimu aliyeajiriwa na shule hana haki wala uwezo wa kuukalia mwezi Mei. Na kwamba kujiandaa mwenyewe ni kubahatisha. Si kweli. Na kwa vijana ninaowasema hapa, ukweli uko upande wa pili kabisa.

Tuutazame mtihani kwanza, maana wengi wanaouogopa hawajawahi kuona hata ukurasa wake mmoja. Mtihani wa AP wa Lugha na Utamaduni wa Kifaransa unatungwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, na hufanywa kila Mei. Alama zake ni kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vikuu vingi humpa mwenye 3, 4 au 5 krediti za masomo, yaani vipindi ambavyo hatavisoma tena wala kuvilipia. Majimbo kama Texas na Illinois yamefikia hatua ya kutunga sheria kuvielekeza vyuo vyao vya umma kuitambua alama ya 3. California, iliyotangulia kutoa muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha sekondari, huihesabu alama ya 3 ya mtihani huu kuwa ushahidi wa kutosha wa lugha ya pili. Ada ni takriban dola 100, na mwenye kipato kidogo hupunguziwa.

Hakuna mahali popote College Board inapomtaka mtahiniwa athibitishe kuwa alilisoma somo darasani. Watoto wanaosomeshwa nyumbani hufanya. Wanaotoka shule zisizo na somo hilo hufanya. Shule ambayo tayari inasimamia mitihani ya AP ya hesabu au ya historia inaweza kuagiza karatasi ya Kifaransa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, hata kama haina mwalimu wa Kifaransa hata mmoja. Mwalimu au profesa anayesahihisha insha yake mwezi Juni ana karatasi mbele yake, na ana mwongozo wa kusahihishia. Jina la shule halijui, na hajui kama mwenye karatasi alifundishwa na mwalimu mwenye leseni au na baba yake baada ya zamu ya usiku.

Kwetu jambo hili halimshangazi mtu. Tanzania ina watahiniwa wa kujitegemea, watu wazima na vijana wanaojisomea usiku, wakajisajili, wakaenda kukaa katika kituo cha mtihani pamoja na wengine. Kongo inao watahiniwa waitwao autodidactes, wanaoukabili Examen d’État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, bila kuwa wanafunzi wa shule yoyote. Wazazi wengi wa Kikongo walio Marekani wanamjua mtu aliyepata diploma kwa njia hiyo. Wengine ndio wao wenyewe. Ajabu yangu ni kwamba mtu aliyeliona jambo hilo kwa macho yake huko Bukavu anafika Kentucky na kukubali kwa siku moja kwamba haliwezekani.

Tuje kwenye hoja ya kwanza ya wenye dhana hiyo: darasa ndilo linalomwandaa mtu. Sina ugomvi na walimu wa Kifaransa. Wazuri wapo, na kijana aliyempata mwalimu mzuri asimwache. Lakini tupige hesabu. Chukua darasa la dakika 50 lenye wanafunzi 25. Mwalimu akinyamaza kimya tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kila mwanafunzi anabaki na dakika 2 za kuzungumza. Mwalimu hanyamazi, bila shaka, kwa hiyo dakika zenyewe hupungua. Katika mtihani huu robo nzima ya alama ni kuzungumza, na robo nyingine ni kuandika. Kijana anayezungumza Kifaransa na mama yake dakika 20 kila jioni, wakipika, amesema katika wiki moja kuliko mwanafunzi wa darasani anavyosema kwa miezi. Hilo ni jambo la hesabu tu, wala halimvunjii mwalimu heshima.

Wapo watakaosema: basi hao si watahiniwa halali, hao ni wenyeji wa lugha, wanajipatia alama za bure. Nimelisikia hili likisemwa kana kwamba kijana wa Uvira anaiba kitu. College Board yenyewe inajua kwamba watu wa aina hiyo wapo. Kwa miaka mingi imekuwa ikitoa takwimu za watahiniwa wote, na kando yake takwimu za wale waliojifunza lugha hasa katika shule za Marekani, bila kuwahesabu wanaoisikia nyumbani au waliowahi kuishi penye lugha hiyo. Kama ingewaona ni wezi ingewazuia. Imewakubali kwa sababu mtihani unapima kile mtu anachokijua leo, na njia alizopitia hadi kukijua ni zake. Tena tuulizane njia zenyewe zilikuwa zipi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996, ilikuwa na shule za Wakongo zilizofuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya nchi inayofundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Watoto walisoma Kifaransa kambini, katika madarasa yaliyofurika, kwa sababu wazee wao waliamini kuna siku kitahitajika. Anayeita hayo alama za bure hajui bei iliyolipwa.

Hapa niweke mpaka. Sisemi kila mtoto wa Kikongo aende akajisajili. Aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alisoma kwa Kiingereza. Aliyekulia katika kambi za Rwanda baada ya serikali ya nchi hiyo kuamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza shuleni, huenda Kifaransa chake ni maneno machache ya wazazi. Huyo hawezi kuanza Septemba na kufaulu Mei, na anayemwahidi hivyo anamdanganya. Mtihani huu umewekwa kwa ajili ya mtu mwenye miaka kadhaa ya lugha nyuma yake. Ninayemsemea ni yule aliyefika darasa la tano au la sita au zaidi kwa Kifaransa, anayekisikia nyumbani au kanisani, anayeelewa taarifa ya habari, lakini hajaandika aya nzima kwa Kifaransa tangu aliposhuka kwenye ndege. Wa namna hiyo ni wengi, nao ndio wanaosahaulika.

Wanasahaulika vipi? Siku ya kwanza shuleni mzazi hujaza fomu ya lugha ya nyumbani. Inauliza mtoto alianza kusema lugha gani, na nyumbani mnasema lugha gani. Mzazi anajibu kwa uaminifu: Kiswahili. Kuanzia hapo jalada la mtoto linasema Kiswahili, na hatua inayofuata ni kumpima Kiingereza kinachompungukia. Lugha aliyosomea hesabu na jiografia, aliyoimbia wimbo wa taifa lake, haina mahali pa kuandikwa. Mwaka unaofuata mshauri anafungua jalada na kumwona kijana asiyejua Kiingereza vizuri. Hamwoni kijana wa lugha tatu. Basi anapokuja kuuliza habari za AP ya Kifaransa, swali lake linasikika kama la mtu aliyepotea ofisi. Namlaumu aliyetunga fomu kuliko anayeisoma, lakini mzazi anaweza kulitibu jambo hili kwa dakika mbili: aseme, na aombe iandikwe, kwamba mwanangu alisoma shule kwa Kifaransa hadi darasa fulani. Kama ana karatasi za shule, ziwe hata chakavu, azilete.

Sasa hoja yenye nguvu kuliko zote, ambayo sitaki kuipita kwa haraka. Wanasema: anayejifunza mwenyewe hana wa kumsahihisha. Ni kweli kabisa kwamba bila kusahihishwa hakuna maendeleo. Kifaransa cha masikio kina hatari yake hasa katika kuandika. Parler, parlé na parlez hutamkwa sawasawa, na kijana aliyejifunza kwa kusikia huandika lolote kati ya hayo linalomjia mkononi. Atasema sentensi safi kabisa, kisha aiandike na makosa manne. Anaweza kukaa miezi minane na kitabu cha mazoezi, akirudia kosa lilelile kila siku, akidhani anasonga mbele. Huyo akishindwa, wasemaji wa dhana niipingayo watasema: mmeona?

Lakini nani amesema hana wa kumsahihisha? Ingia Jumapili katika kanisa lolote la Wakongo katika miji niliyoitaja. Miongoni mwa wazee waliokaa pale wamo waliofundisha shule za msingi Fizi na Walungu, waliofundisha sekondari Bukavu, wengine wahitimu wa ISP, chuo cha ualimu cha mji huo. Walisahihisha madaftari kwa wino mwekundu miaka mingi. Leo wanapanga mizigo katika maghala, wanakata nyama viwandani, wanawaogesha wazee wa watu katika nyumba za kulelea. Marekani haiwaruhusu kufundisha katika shule za umma mpaka wapate leseni ya jimbo, na leseni hiyo inataka Kiingereza, vyeti vilivyotafsiriwa na kutathminiwa, na fedha. Sawa, hilo ni la sheria. Lakini hakuna sheria inayomzuia mzee huyo kuketi mezani kwake na kijana wa jirani, akamsomea imla. Mwalimu yupo. Hajaombwa.

Hili ndilo linaloniuma katika suala zima. Tumekubali kwamba ujuzi wa watu hawa uliisha uwanja wa ndege. Tunawaita kuombea chakula na kusuluhisha ndoa, wala hatuwaiti kwa kazi waliyoisomea. Kijana anatafuta programu ya simu ya kumfundisha kanuni ya participe passé, na papa, kama tuwaitavyo baba zetu, anayeijua kanuni hiyo usingizini amelala chumba cha pili, amechoka na zamu, akiamini kwamba alichokijua hakina faida tena katika nchi hii.

Imla ni chombo kikali kuliko wengi wanavyokumbuka. Mzee asome aya moja ya habari, polepole, mara mbili, kijana aandike, kisha wakae pamoja na Bescherelle, kitabu cha vitenzi vya Kifaransa, kati yao, kila kosa litajwe jina lake. Mara mbili kwa wiki, tangu Septemba, yatosha kuponya makosa ya kuandika kwa masikio. Habari zenyewe ziko tele. Radio Okapi ya Kongo, iliyoanza 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia, na habari zake ni za mahali anapopajua kijana. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina taarifa ya kila siku ya Kifaransa chepesi, ya dakika 10, inayokwenda pamoja na maandishi yake. Hiyo peke yake ni shule ya kusikiliza. TV5Monde ina mazoezi ya ngazi mbalimbali bila malipo. Na College Board huweka hadharani maswali ya kuandika na kuzungumza ya miaka iliyopita, mwongozo wa kusahihishia, majibu halisi ya watahiniwa pamoja na sauti zao, na maelezo ya kwa nini huyu alipewa 5 na yule 2. Mwalimu wa darasani hutumia karatasi hizohizo.

Ila nina neno na wazee wetu, na naomba walipokee kwa heshima ninayowapa. Shule tuliyosoma ilitufundisha kuogopa kosa. Mtoto akifungua kinywa akakosea, alikatizwa palepale, wakati mwingine kwa fimbo. Mtihani huu haukujengwa hivyo. Katika sehemu ya mazungumzo mtahiniwa anasikia mtu akimsemesha, kisha ana sekunde 20 za kujibu, mara tano. Anayejibu kwa makosa mawili lakini akaeleweka na kuendeleza mazungumzo hupata alama nzuri. Anayenyamaza sekunde 12 akitafuta umbo sahihi la kitenzi amezipoteza. Kwa hiyo papa, shika simu, weka saa ya sekunde 20, muulize kijana swali, na unyamaze mpaka amalize. Andika makosa kando. Myaongee baadaye. Ukimkatiza kila neno utamwandaa vizuri kwa ajili ya Examen d’État wa zamani, na vibaya kwa huu wa Mei.

Upo upande wa pili wa dhana hii, ambao nao nausikia sana, hasa kwa vijana wa kiume: mimi najua Kifaransa, sina haja ya kujiandaa. Huyu naye ameamini kwamba hakuna maandalizi nje ya darasa. Tofauti yake ni kwamba amejitoa hofu. Nampinga kwa nguvu ileile. Kwa muundo uliotumika tangu 2012, mtahiniwa anaandikiwa barua pepe rasmi na anapaswa kuijibu kwa dakika 15: salamu za heshima, vous mwanzo hadi mwisho, kila swali lijibiwe, naye aombe maelezo zaidi juu ya jambo fulani, kisha afunge kwa maneno ya heshima kama Wafaransa wafungavyo barua. Kijana hodari wa kusema anaandika mistari mitatu, anachanganya “tu” na “vous”, anasahau kuuliza chochote, na hajui alama zimekwenda wapi. Kisha kuna insha. Anapewa makala, jedwali au chati, na sauti anayoisikia mara mbili. Ana dakika kama 15 za kuvipitia na 40 za kuandika, na insha yake lazima itumie vyanzo vyote vitatu kutetea msimamo mmoja. Anayeandika maoni yake mazuri bila kuvitaja vyanzo anaanguka, hata kama Kifaransa chake ni cha kupendeza. Haya hayajulikani kwa kuzaliwa Bujumbura. Yanajifunzwa, na yanajifunzika nyumbani, kwa karatasi za miaka iliyopita na saa ya ukutani. (Muundo wa mtihani hufanyiwa marekebisho, mtahiniwa asome maelezo ya mwaka wake mwenyewe, asitegemee ya kaka yake.)

Lakini katika sehemu ya mwisho, ulinganisho wa tamaduni, kijana wetu anaingia na mali ambayo darasa haliwezi kumpa mtu. Ana dakika 4 za kufikiri na 2 za kuzungumza, akilinganisha jamii inayotumia Kifaransa na jamii anayoishi. Wenzake wengi watazungumzia Paris waliyoisoma kitabuni. Yeye aliishi penye Kifaransa. Soko la Kadutu pale Bukavu analijua kwa harufu. Akiulizwa juu ya nafasi ya wazee, au shule, au chakula, au namna watu wanavyosaidiana, ana mifano ya watu na siku. Nasisitiza mifano. Anayesema “Afrika watu huheshimu wazee” hajasema kitu, na msahihishaji amekwisha kulisikia hilo. Anayeeleza jinsi mjomba mkubwa anavyokaa na pande mbili za ndoa Uvira kabla mahari haijatajwa, kisha akaeleza jinsi familia ya rafiki yake wa Des Moines ilivyoamua harusi yao bila kikao, huyo amelinganisha.

Na mtu asimtie aibu kwa lafudhi. Kuna watu wetu wenyewe wanaosema Kifaransa cha Kongo si Kifaransa, na kwamba wasahihishaji watacheka. Sauti zinazotumika katika mtihani hutoka pande nyingi za ulimwengu wa Kifaransa, Quebec na Afrika zikiwemo. Kinshasa ina watu wengi kuliko Paris. Kijana anayesema septante na nonante anasema kama Wabelgiji na kama Waswisi. Ajue tu kwamba katika sauti atasikia pia soixante-dix na quatre-vingt-dix, ayazoee masikio yasimchanganye.

Hoja ya mwisho ni ya wazazi, na najua inatoka mahali pa uchungu. Wanasema: Kifaransa kilitusaidia nini? Hapa ni Kiingereza. Acha mtoto aweke nguvu zake huko. Nawaelewa. Mtu aliyewahi kukaa hospitali akisubiri mkalimani hawezi kudharau Kiingereza. Lakini kijana anayejiandaa kwa mtihani huu anajifunza kusoma vyanzo vitatu vinavyopingana, kuchukua msimamo, kuutetea kwa ushahidi na kumaliza kwa wakati. Kazi hiyohiyo ndiyo anayodaiwa katika darasa la Kiingereza na la historia, ila huko anadaiwa kwa lugha inayomwelemea. Hapa anaifanya kwa lugha anayoiweza, na namna ya kuifanya atakwenda nayo kokote. Tena mtoto ambaye kwa miaka mitatu shule imempima kwa kitu asichokijua anastahili mara moja kupimwa kwa kitu anachokijua. Kiswahili, lugha yetu ya kwanza, hakina mtihani wa AP. Kifaransa kinao. Basi tuutumie.

Na akishindwa? Matokeo huenda chuo anachokitaja mwenyewe. Anaweza kuomba yasipelekwe, au yafutwe kabisa. Alama ya 2 haimzuii kuhitimu sekondari, wala haiingii katika wastani wa alama zake za shule, kwa kuwa hakuna darasa la kuingizwa. Amepoteza ada na asubuhi moja, na Kifaransa alichokiandika tangu Septemba kimebaki kwake. Ambaye hakujaribu, chuo chake kikidai lugha ya kigeni, ataketi muhula baada ya muhula katika somo la lugha na kulilipia kwa mkopo wa serikali.

Kwa hiyo wanaoweza kufanya jambo wafanye sasa, kwa maana tarehe haisubiri: maagizo ya karatasi za Mei hufungwa katikati ya Novemba, na kuchelewa kuna faini. Kijana asiishie kwa mshauri wa wanafunzi. Amtafute mratibu wa AP wa shule yake, amwambie wazi kwamba haombi darasa, anaomba aagiziwe karatasi ya Kifaransa. Shule ikisema haiwezi, pengine kwa sababu sehemu ya kuzungumza inahitaji chumba tulivu na chombo cha kurekodia, aulize ni shule gani ya jirani inayofanya mtihani huo na inayopokea watahiniwa wa nje, na apige simu huko wiki hiyohiyo. Mzazi aende naye ofisini. Jibu la “hatuna darasa” hutoka kwa urahisi zaidi kijana akiwa peke yake. Mchungaji atangaze Septemba, si Aprili. Na papa aliyefundisha darasa la sita Fizi atolewe kwenye orodha ya wapanga viti, apewe meza, ubao, na vijana watano kila Jumapili baada ya ibada.